Chonge za Angela

"Nauliza kwa mara ya mwisho," Scolastica alisema. "Hiyo miale ikishapita mdomoni mwa mwanangu, seli zake zinabaki nzima au hazibaki?"

Daktari wa meno, dada mrefu aliyeitwa Fausta, aliweka chini kioo chake kidogo chenye mkono. Kwenye kiti Angela alikuwa bado ameachama, maana hakuna aliyemwambia afunge.

"Funga mdomo, mwanangu." Kisha akamgeukia mama. "Mama Angela, mara iliyopita uliuliza hilo hilo, ukaondoka kabla sijajibu."

"Leo siondoki. Jibu."

Ni kweli mara ya kwanza aliondoka, tena kwa kubamiza mlango. Scolastica alikuwa na duka la pembejeo pale Mpanda mjini, stashahada yake ya kilimo ikiwa imetundikwa nyuma ya kaunta, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuwafokea watu wanaochanganya dawa ya kupulizia kwa kukadiria. Soma lebo! Vaa glavu! Usikoroge kwa mkono, huo si uji! Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba mashine haina neno halafu ukategemea aitikie tu.

Na si yeye peke yake. Mama mkwe wake, Bibi Theopista wa Kakese, alikuwa amemwonya mapema kabisa. "Usithubutu, Mama Angela. Miale ile inaunguza kinywa kwa ndani. Mtoto akipigwa picha ya meno, ndiyo basi tena." Bibi huyo hakuwa na desturi ya kukubaliana na mkwewe kwa lolote, kuanzia namna ya kusonga ugali hadi namna ya kumfunga mtoto mgongoni. Siku hiyo walipokubaliana Scolastica alishangaa, akafurahi hata. Akaingia kwenye simu, akatafuta, akakuta habari ya watafiti walioona seli za shavuni zikifa baada ya picha za meno. Basi, bibi upande huu, sayansi upande ule. Picha ikakataliwa.

Lakini jino la Angela halikusoma hiyo habari. Lilikuwa la mbele, juu, na liliuma. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa hawezi tena kung'ata muhogo wa kuchemsha, akimega vipande vidogo kama mzee. Kando ya meno ya mbele alikuwa na mapengo, pale ambapo wenzake walishaota chonge. Shuleni walimwita Geti. Sasa jino lenyewe lilikuwa limeanza kucheza.

"Haya," Daktari Fausta alisema, akavuta kistuli akakaa ili walingane urefu. "Sitakudanganya kwamba miale haigusi kitu. Watu wamelichunguza hilo. Wanachukua brashi ndogo, wanakwangua ndani ya shavu kabla ya picha. Baada ya siku kama kumi wanakwangua tena. Wanaziangalia zile seli kwa hadubini."

"Wanaona nini?"

"Mara nyingi wanaona seli zilizokufa zimeongezeka. Zingine kiini kimesinyaa, zingine kimepasuka vipande. Hiyo ipo. Wanachokiogopa zaidi ni vinasaba kuharibika seli ikiwa bado hai, kwa sababu hiyo ndiyo inaweza kuleta balaa baadaye. Hapo tafiti nyingi hazikuona ongezeko la maana. Chache zimesema zimeliona."

"Kwa hiyo hamjui."

"Tunajua kiasi. Ngozi ya ndani ya shavu inabanduka na kuota upya kila wakati. Hata sasa hivi unameza seli zako zilizozaliwa juzi. Kwa hiyo zikifa chache zaidi, mwili unafagia. Ila kwa sababu hiyo hiyo hatupigi picha ovyo kama selfi. Tunapiga pale ambapo kutojua kunaumiza kuliko miale. Wewe unauza dawa za mimea, sivyo? Unampa mtu dawa kwa sababu ipo dukani, au kwa sababu ana mdudu?"

Scolastica hakupenda kubanwa kwa kazi yake mwenyewe. Lakini jibu alilielewa. Ndilo alilokuwa akilitafuta tangu mara ya kwanza: mtu wa kumpa kipimo, si wa kumpapasa mgongoni.

"Picha moja," alisema.

"Moja."

"Na avae hiyo aproni yenu nzito."

"Atavaa."

Angela akavishwa aproni ya madini ya risasi, akapelekwa kwenye chumba kidogo, akawekewa kidevu mahali pake, akaambiwa ang'ate kijiti na asitikisike. Scolastica alisimama nje ya mlango mzito. Alisikia mashine ikizunguka kichwa cha mwanawe kwa mlio kama wa cherehani, akajikuta amefumba macho na kubana meno, kana kwamba miale ile ilikuwa inapita kwenye mashavu yake. Akawaza zile seli. Akaziona zikisinyaa mojamoja.

Wakati huo mawazo yakarukia nyumbani. Innocent, kitindamimba wake wa miezi saba, alikuwa anaharisha tangu juzi. Bibi Theopista alikuwa amekuja kutoka Kakese kusaidia, na asubuhi ile alimgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akampitisha kidole mdomoni.

"Fizi zimevimba," Bibi alikuwa amesema. "Zina alama nyeupe. Angela naye alianza hivi hivi."

"Ni meno yanataka kutoka, mama. Mpe maji ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo. Nikirudi nampeleka hospitali."

"Nenda tu, mwanangu. Wala usiwe na haraka."

Scolastica hakumwambia kwamba wanakwenda kwa daktari wa meno. Alisema wanakwenda sokoni kutafuta viatu vya shule. Hakutaka hotuba ya miale asubuhi yote ile.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Fausta aliwaita mbele ya kioo cha kompyuta, akabofya, na mdomo wa Angela ukatokea mzima, umenyooshwa kutoka sikio hadi sikio, mweupe juu ya weusi.

Daktari alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena.

Scolastica hakuwa amesomea meno, lakini macho yake yalikuwa yamezoea kukagua mistari. Ukisimama kichwani mwa shamba la mahindi unaona mara moja pale mbegu haikuota. Aliona meno ya mbele, manne juu, manne chini. Aliona magego, na mengine yakisubiri ndani ya taya kama vitunguu ardhini. Halafu akaona mashimo. Chini kulia, hakuna. Chini kushoto, hakuna. Juu kushoto, hakuna. Juu kulia kulikuwa na kitu, kidogo, kimepinda, kimelala ubavu, kichwa chake kikiwa kimegusa mzizi wa lile jino linalouma.

"Chonge," Daktari Fausta alisema polepole. "Zinapaswa kuwa nne. Hii moja iliyobaki imeharibika, na inakula mzizi wa jino la jirani. Ndiyo maumivu yake hayo."

"Hazijaota?"

"Hazipo, mama. Hazipo kabisa, hata mbegu zake. Na zile za utotoni, unakumbuka kuziona?"

Scolastica hakukumbuka. Mtoto alikuwa na mapengo tangu zamani. Bibi alisema ni ya ukoo, wanaume wa upande wa Osward wote walichelewa meno. Osward mwenyewe, mumewe, ambaye wiki hiyo alikuwa Inyonga akinunua asali, alicheka tu akasema kama Bibi kasema, basi.

"Mama Angela." Daktari aliachia kipanya cha kompyuta. "Mtu hakosi chonge zote namna hii kwa bahati. Mtoto huyu alichimbwa. Akiwa mchanga, mtu alimpasua fizi akatoa alichokiita meno ya plastiki, yale wanayodai huharisha watoto. Nani alikuwa anamlea?"

Chumba kilikuwa na feni, na Scolastica alisikia kila panga lake lilivyokata hewa.

Nani alikuwa anamlea. Alikuwa chuoni, anamalizia stashahada. Angela alikuwa na miezi sita alipomwacha Kakese. Aliporudi likizo alimkuta mtoto amekonda, ana vidonda mdomoni, anakataa ziwa. "Alikuwa anaharisha," Bibi alimwambia. "Homa ikapanda ikamtoa vidonda. Lakini nimemtibu, amepona." Naye alimshukuru. Alipiga magoti akamshukuru, akamletea kitenge.

"Mama?" Angela alimshika mkono. "Ni nani alinichimba?"

Yale maneno ya asubuhi yalikuwa yamemrudia Scolastica, moja baada ya lingine, na kila moja lilikuja limevaa sura nyingine. Zina alama nyeupe. Angela naye alianza hivi hivi. Wala usiwe na haraka.

"Mungu wangu," alisema. "Innocent."

Alibofya namba mbili za watu wengine kabla ya kuipata ya Bibi. Simu iliita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Haloo, Mama Angela?" Haikuwa sauti ya Bibi. Ilikuwa ya Dina, jirani yao wa ukuta mmoja. "Bibi kaiacha simu kwangu inachaji."

"Mtoto yuko wapi?"

"Katoka naye muda tu. Wamechukua boda kwenda Kakese. Kasema kuna mzee Masunga wa kumtoa yale meno ya plastiki. Mimi nikajua umemtuma wewe! Si umemtuma wewe?"

Scolastica alikata simu. "Nipe hiyo picha," alimwambia daktari.

"Nitaituma kwenye simu yako..."

"Nipe ya kushika mkononi. Sasa hivi."

Wakatoka wakikimbia, mama na binti, picha imekunjwa kwapani. Kijana wa boda aliyekuwa kivulini aliona sura ya yule mama, akawasha pikipiki kabla hajaulizwa.

"Kakese. Kwa Masunga anayechimba meno. Unapajua?"

"Nani hapajui? Nimepeleka wengi." Jina lake lilikuwa Evarist, limeandikwa mgongoni mwa koti. "Mtoto wako naye anayo?"

"Endesha."

Aliendesha. Lami ikaisha, vumbi likaanza, majaruba ya mpunga yakapita pande zote. Angela alikuwa katikati, kichwa kimegandamizwa kwenye koti la Evarist, na Scolastica nyuma akiwa amemkumbatia kwa mkono mmoja na kushika chuma kwa mwingine. Nimepeleka wengi. Alisema kama mtu anayesema amepeleka wengi sokoni. Ndicho kilichomshtua Scolastica kuliko matuta ya barabara. Kila mtu alijua. Boda alijua, Dina alijua. Yeye, wa kusoma lebo, alikuwa ametumia muda wake wote kuogopa mashine.

Alitarajia kibanda cha giza na ngozi za wanyama. Akakuta nyumba nzuri ya bati jekundu, ua umefagiwa, benchi limewekwa ukutani. Wanawake walikuwa wamekaa wakiwa na watoto mapajani, wengine na kadi za kliniki mkononi. Mmoja alimsalimia kwa furaha: "Shikamoo, Mama Pembejeo! Na wewe umemleta?"

Ndani mtoto alilia, akanyamaza ghafla kama aliyezibwa mdomo.

Scolastica hakuitikia salamu. Alipita mlangoni, akaona jambo moja kwanza, khanga ya Bibi Theopista mapajani ina damu. Mzee Masunga, shati limepigwa pasi, alikuwa amepiga goti mbele ya Bibi. Mkono mmoja umeshika taya ya Innocent. Mwingine umeshika spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha.

"Weka chini," Scolastica alisema. Sauti ilitoka ndogo, si yake. Kisha yake ikaja. "Nimesema weka chini hicho chuma!"

Kikaanguka kwenye beseni. Alimnyakua mtoto, akamwingiza kidole mdomoni papo hapo, bila kunawa, bila kuuliza. Juu kulia. Juu kushoto. Chini. Chini tena. Fizi zilikuwa moto, zimetuna, laini, nzima. Kidole kilitoka na ute mtupu.

"Damu hiyo ni ya nani?"

"Ya mtoto aliyetangulia," Masunga alisema, akajifuta mikono kwa utulivu wa mtu anayeheshimiwa. "Mama yake aliogopa, bibi akasaidia kumshika. Mama, hasira za nini? Mtoto anaumwa. Ona mwenyewe." Akasogeza kisosi. Ndani yake kulikuwa na vitu vidogo vyeupe, vyenye unyevu. "Yametoka sasa hivi. Bonyeza. Laini. Hilo ni jino hilo? Plastiki hiyo."

Scolastica aliinama akaangalia.

"Wewe unalima mahindi?" alimuuliza.

"Nalima."

"Ukimenya hindi changa, ukabonyeza punje ikatoa maziwa, unasema siyo hindi?"

Masunga alikivuta kisosi kwake.

"Haya ni meno. Machanga. Umeyachimbua kabla hayajakomaa." Akamgeukia mama mkwe wake, na hapo maneno yakapungua, kwa sababu yule mwanamke alikuwa analia kimya, mikono bado imekaa mapajani kana kwamba imemshika mtoto.

"Angela alipona," Bibi Theopista alisema. "Nilimleta hapa hapa, akapona."

"Kuhara kuliisha, mama. Kungeisha tu kwa maji ya chumvi na sukari. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Sasa ningekuambia ili iweje? Kabla ya Osward nilizika wawili, wote kwa kuhara. Mmoja asubuhi, mwenzake wiki haijaisha. Walikuwa na fizi zilezile. Hapakuwa na mtu wa kunieleza. Nilipopata wa kunieleza, nikasema mimi siziki tena mtoto kwenye familia hii."

Scolastica alimweka Innocent begani. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyomwacha asubuhi. Kulikuwa na swali moja limebaki.

"Na ile miale? Kwamba picha ya meno inaunguza kinywa. Nani alikuambia?"

Bibi alitazama sakafu. "Hakuna aliyeniambia."

"Uliisikia redioni?"

"Nimesema hakuna. Niliitunga. Nilijua mkimpiga picha itaonekana."

Scolastica alikaa juu ya ndoo iliyokuwa imefunikwa, maana hapakuwa na kiti. Alikumbuka jinsi alivyobeba maneno hayo kifua mbele hadi kwa daktari. Alikwenda hata kuyatafutia sayansi. Na sayansi ilikuwepo, ndiyo mshangao wenyewe, seli kweli hufa. Uongo wa Bibi ulikuwa umevaa koti la ukweli, na ndani ya koti hilo jino la Angela likaliwa mzizi.

Wale wanawake wa benchini walikuwa wamejaa mlangoni. Mbele yao alisimama Angela, aliyesahauliwa na wote, ameshika picha iliyokunjwa. Aliikunjua. Akainyanyua kwenye mwanga wa mlango. Aliachama tu, mdomo wazi kama kwenye kile kiti cha daktari, akageuka taratibu ili wote waone.

Mama mmoja kijana, mtoto wake mdogo kabisa amefunikwa shali, alisogea akatazama picha, akatazama mdomo, akatazama tena picha. Yule aliyesalimia alikuwa ameshika kifua.

"Hayakuota tena?" mama kijana aliuliza.

"Hayataota," Scolastica alisema.

"Lakini dada... si wanasema hiyo picha nayo inaunguza kinywa?"

Scolastica alikuwa na jibu refu. Brashi, hadubini, seli zinazokufa na kubanduka, picha moja kwa sababu maalumu. Alivuta pumzi aanze. Bibi Theopista akamtangulia.

"Haiunguzi," alisema, akasimama na khanga yake yenye damu ya mtoto wa mwingine. "Aliyesema inaunguza ni mimi. Msinisikilize mimi. Huyu ndiye mjukuu wangu, mtazameni."

Mama kijana aliikaza shali ya mwanawe, akatoka nje. Wawili wakamfuata. Wengine walibaki wamesimama, si ndani si nje, nao Scolastica alijua kwamba baadhi yao wangekaa tena benchini pikipiki ikishaondoka.

"Kituo cha afya," alimwambia Evarist. "Tangulia na Angela. Mama, wewe panda na mimi kwenye ile boda iliyokuleta. Utamweleza mganga wa kituo wewe mwenyewe mtoto ameharisha mara ngapi, maana uliyekuwa naye ni wewe."

"Unanibeba bado?" Bibi aliuliza.

"Nakubeba. Simu yako utaifuata kwa Dina, na Innocent hutamshika peke yako tena mpaka nitakaposema. Panda."

Kituoni walipewa ORS na kikombe. Mganga alimpima mtoto, akambana ngozi ya tumbo akaangalia inavyorudi, akasema amekaukiwa lakini si sana, anyweshwe kidogo kidogo hadi akojoe, hapo ndipo watajua maji yamerudi mwilini. Scolastica alishika kijiko. Kwa haraka yake nusu ya maji ikamwagika kidevuni. Akajaribu tena, ikamwagika tena. Mwishowe alimweka mtoto mapajani kwa Bibi, akampa yeye kijiko, akakaa ubavuni pake akihesabu kila funda.

Walikaa hivyo hadi kikombe kikaisha. Angela alikuwa amelala begani mwa mama yake, mdomo wazi. Kisha Bibi Theopista akashtuka, akatazama khanga.

"Amenikojolea," alisema.

Scolastica alipeleka mkono kuhakikisha. Khanga ilikuwa na majimaji ya moto. Hapo ndipo alipoanza kulia.